Kaseti Ipi ya Mushrooms?

Ukitaka kuchelewa Kilifi, waulize watu wa makamo wanaokunywa kahawa jioni ni kaseti gani ya Them Mushrooms iliyo bora. Usiulize kama bendi ilikuwa nzuri. Hilo, kutoka Mtwapa mpaka Mambrui, lilishakatwa zamani. Uliza ipi. Aliyekuwa akienda sokoni ataketi, aliyekuwa ameketi atasimama, na muuza kahawa ataongeza makaa kwa sababu anajua vikombe vitatembea mpaka Isha.

Kambi ni nne. Wako wa "Jambo Bwana", ambao wengi wao walifanya kazi mahotelini: wapishi, watu wa bustani, madereva wa kupokea wageni uwanja wa ndege. Wako wa Zilizopendwa, na hawa ni watu wa harusi na watu wa matatu. Wako wa "Vidonge", na hapo kambi ni ya wanawake, ingawa nimewaona wanaume wazima waliojidai hawaijui wakipokea kiitikio chote bila kukosea pahali. Kisha kuna kambi ya mwisho, ndogo na kaidi, ya wale wasemao bendi haikupata kupiga vizuri kuliko ilipompigia mzee Fundi Konde. Mimi niko huko, nami sitajifanya sina upande.

"Wewe ami," kijana mmoja alimwambia mpishi mstaafu siku moja ubishi ulipopamba moto, "hiyo 'Jambo Bwana' ni wimbo ama ni somo la Kiswahili la Mjerumani?"

"Mwanangu," akajibiwa, "huyo Mjerumani ndiye aliyekulipia karo."

Watu wakacheka, lakini jibu lile lina uzito kuliko mzaha wake, na nitalirudia baadaye. Kwanza bendi yenyewe.

Uti wa mgongo wake ulikuwa ndugu wa nyumba moja, akina Harrison, wana wa Kaloleni: Teddy Kalanda, Billy Sarro, George Zirro, Dennis Kalume na John Katana, na pamoja nao Pius Plato Chitianda. Jina la Them Mushrooms linahesabiwa kuanzia 1972, Mombasa. Kaloleni iko bara kidogo, juu ya vilima vya minazi, nchi ya Wagiriama, na ni mji uliokua pamoja na misheni na hospitali ya St. Luke's. Mtoto wa upande ule hulelewa na shule mbili za muziki bila kuandikishwa hata moja. Jumapili asikia nyimbo za kanisani zikiimbwa kwa sauti zilizopangwa, kila mtu na mstari wake, na anayepotea anaonekana. Siku ya matanga au ya harusi asikia ngoma na kayamba, ambako hakuna mstari wa mtu, kuna nafasi tu: unaingia pale mwenzako alipokuachia. Ukisikiliza bendi hii kwa makini utazisikia shule zote mbili. Waimbaji wanapangana kikanisa, vyombo vinaachiana nafasi kingoma.

Shule ya tatu ilikuwa hoteli. Miaka ya 1970 mahoteli yaliota ufukoni kutoka Nyali na Bamburi hadi Watamu na Malindi, na kila hoteli ilitaka bendi. Mushrooms walikaa humo miaka mingi kabla ya kuhamia Nairobi 1987. Washabiki wengi huipita miaka hiyo harakaharaka, kana kwamba bendi ilikuwa bado haijaanza. Mimi naona ndiko ilikopatikana kazi yote iliyofuata.

Muziki wa hoteli una masharti magumu ambayo mtu wa ukumbi wa dansi hayajui. Saa ya chakula unapiga watu wakila. Ukizidisha sauti, meneja anakuja. Ukiipunguza mpaka wimbo ukalala, meneja anakuja vilevile. Kupiga kwa kishindo si kazi kubwa, mikono yenye nguvu yatosha. Kupiga chini, kisha mtu aliye meza ya mwisho akajikuta anatikisa mguu bila kujua kwa nini, hiyo ndiyo kazi. Mpiga besi inabidi aache noti nyingi na zile chache anazobakiza azipige mahali pake hasa. Mpiga ngoma anajifunza kutumia ncha ya fimbo. Mwimbaji anajifunza kuimba pamoja na sauti za vijiko badala ya kushindana nazo.

Kisha meza zinaondolewa, na usiku huohuo unatakiwa rumba, cha-cha, kalipso, rege, disko, na bwana mzee na mkewe wanaotimiza miaka 40 ya ndoa wanataka walsi. Huna ruhusa ya kusema hiyo hatuijui. Wageni wanabadilika baada ya wiki mbili, bendi inabaki, na hatari kubwa kwa mwanamuziki wa namna hiyo ni kuzoea: kupiga wimbo uleule kwa mara ya mia mbili kwa vidole huku moyo uko nyumbani. Wengi walimalizikia hapo. Waliosalimika ni wale waliojipa kazi ya siri, usiku huu kubadilisha njia ya gita, kesho kujaribu sauti ya tatu kwenye kiitikio, bila mgeni kushtuka.

Huko Uingereza nako washabiki wa Beatles hawaachi kubishana kama sahani iliyo bora ni Revolver ya 1966, Sgt. Pepper's ya 1967 au Abbey Road ya 1969, na kila mtu ana hoja zake. Lakini hata wao kwa wao hakuna anayezidharau zile nyakati za Hamburg, kuanzia 1960, vijana wale walipopigishwa muziki saa nyingi kila usiku katika vilabu vya mabaharia kabla dunia haijawajua. Wanaziheshimu kama jando. Sisi bendi yetu ilipigishwa muziki miaka mingi ufukoni, tukaiita bendi ya watalii. Ndipo naona jibu la yule mpishi lilikuwa la haki.

"Jambo Bwana" ilitoka huko. Aliyeitunga ni Teddy Kalanda, aliyefariki 2022, na ilipotoka mwaka 1982 iliuzwa kwa namna ambayo wimbo wa pwani haukuwa umewahi kuuzwa: kufikia 1987 nakala 200,000 zilikuwa zimekwenda. Boney M wakaichukua 1983. Safari Sound nao wakaipiga, na wako wageni hadi leo wanaoamini wao ndio wenyewe. Wapo waimbaji wa mataifa mengine walioipiga pia, na siku hizi wahudumu wa hoteli Malindi na Watamu wanaiimba wakitoka jikoni na keki ya siku ya kuzaliwa, wakipiga sinia na vijiko, mpishi mbele na kofia yake ndefu.

Kwa kuwa imesikika mno, watu wameacha kuisikiliza. Hebu isikilize kama fundi anavyokagua kiti cha fundi mwenzake. Haina hadithi, haina ubeti unaodai kukumbukwa. Mwimbaji anatoa salamu, waitikiaji wanaipokea kabla haijapoa, swali na jibu vimo ndani ya pumzi moja. Sauti haipandi juu wala haishuki chini, kwa hiyo mtu asiyejua kuimba kabisa hakwami. Mistari ni mifupi kiasi kwamba mgeni akikosa neno la kwanza, la pili linamkuta tayari. Mapigo nayo yamekaa katikati ya rege na kalipso, mahali ambapo Mjerumani, Mwitaliano na Mgiriama kila mmoja anapata pa kuweka mguu. Jaribu wewe kutunga kitu cha namna hiyo. Watu wamejaribu tangu hapo, kila mwaka kuna wimbo mpya wa kukaribisha wageni, na hakuna uliodumu misimu miwili.

Hata hivyo siipi nafasi ya kwanza. Ni kazi ya akili nyingi inayotumia sehemu ndogo ya uwezo wa bendi. Baada ya dakika moja umeshaijua yote, na ndivyo ilivyokusudiwa.

Kabla sijaendelea, lazima niseme kitu juu ya kaseti, maana bila hicho ubishi wetu hauelewiki kwa mtu wa leo. Shabiki wa Beatles anapotaja Abbey Road, anataja kitu kimoja, nyimbo zilezile kwa mpangilio uleule, awe London au Tokyo. Sisi hatukuwa hivyo. Kaseti halisi ilikuwako, yenye karatasi ya rangi na picha ya bendi, lakini iliyofika kwetu mara nyingi ilitoka duka la kurekodi: unampa mwenye duka kaseti tupu ya dakika 60, unamtajia unachotaka, naye anakujazia. Upande wa pili ukibaki na nafasi, anatia chochote kilicho karibu, pengine taarabu, pengine rumba ya Kongo. Kwa hiyo mtu wa Malindi na mtu wa Mariakani wanabishana juu ya kaseti yenye jina moja, kumbe nyimbo zake ni tofauti. Nimeshuhudia ubishi wa saa nzima ukaishia hapo, pale mmoja alipotaja wimbo wa tatu upande B na mwenzake akaapa huo haumo.

Barabara nayo ilikuwa na mkono wake. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, gari lililotoka Mombasa kwenda Malindi lilisubiri kivuko pale Mnarani, na msururu ukiwa mrefu kaseti nzima iliweza kwisha, ikageuzwa, ikaisha tena. Watu walishuka, wakanunua korosho na maji ya madafu, muziki ukawafuata nje kupitia milango iliyoachwa wazi. Mashabiki wengi wa rika langu walizijua nyimbo hizi kwa mpangilio wa kaseti ya dereva fulani, na mpaka leo wimbo mmoja ukiisha masikio yao yanangoja ule uliofuata katika kaseti ile.

Sasa Zilizopendwa. Bendi ilipokwisha kuhamia Nairobi na kuwa na studio yake, iligeuka nyuma ikazichukua nyimbo za wazee, zile za miaka ya 1950 na 1960, ikaziunganisha na kuzirekodi upya. Kwa kijana wa Kilifi wa 1991, nyumbani santuri za baba zilikuwa zimepasuka au gramafoni imekufa, na sauti hizo zilibaki redioni tu. Mushrooms ndio waliomletea nyimbo hizo mkononi. Harusini zilipopigwa, bibi na mjukuu walisimama pamoja, jambo ambalo DJ yeyote atakuambia si rahisi kulipata.

Kuunganisha nyimbo za watu kumi tofauti ziwe mwendo mmoja ni kazi inayoonekana nyepesi kwa sababu ikifanywa vizuri haionekani. Wimbo mmoja uliimbwa na mtu mwenye sauti ya juu, unaofuata na mtu wa sauti nzito. Ukiziacha zilivyo, kuna shimo pale zinapokutana. Mmoja ulikwenda mbio, mwingine ulijivuta. Ukizisawazisha ovyo, ule wa mbio unapooza na ule wa kujivuta unakimbizwa kama mwizi. Gumu zaidi ni kuchagua cha kuacha. Wimbo wa zamani ulitungwa utoshe upande mmoja wa santuri ya mwendo wa 78, dakika tatu hivi, na mtunzi hakuweka kitu cha ziada humo. Wewe sasa una nafasi ya ubeti mmoja na kiitikio. Ukikosea ubeti, watu watacheza lakini hawataimba. Mushrooms mara nyingi hawakukosea, nami naamini ni kwa sababu ya ile miaka ya hoteli, ambako kila usiku waliona ni mstari upi unaomfanya mtu aache uma.

Walio nje ya kambi hii wana lawama moja, na siwezi kuikataa. Nyimbo zilisafishwa mno. Kinanda cha umeme kinang'aa kupita kiasi, ngoma zina ule mlio mkavu wa miaka hiyo, na mpigo hauchoki hata mara moja, wakati dansi la zamani lilikuwa na pahali linapopumua. Ukiisikiliza kaseti nzima ukiwa umeketi, bila harusi, utachoka kabla haijaisha. Haikutengenezwa kwa mtu aliyeketi.

Juu ya "Vidonge" nitasema machache, kwa kuwa wenye wimbo wanajua kuutetea kuliko mimi. Ni kazi ya miaka ya 1990 ya Mushrooms na Malika, yaani Asha Abdo Suleiman, mwimbaji wa taarabu mwenye sauti kali iliyonyooka, inayopenya hata kwa spika mbovu. Wimbo umekaa katika chakacha, na chakacha ina mapigo matatu yaliyolala ndani ya mawili: miguu inahesabu mbili, kiuno kinahesabu tatu, na anayejua kucheza anazipatanisha. Bendi ya magita iliyozoea rege ingeweza kuipiga chakacha ikanyooka, ikawa gwaride. Hawa hawakufanya hivyo. Besi inakaa na miguu, gita linakaa na kiuno, na katikati pameachwa wazi kwa ajili ya Malika na vijembe vyake. Katika taarabu, mwimbaji akimaliza mstari, fidla au kodiani humjibu. Hapa wanaojibu ni kinanda na gita, na wanajibu kwa ufupi, kwa adabu, kisha wananyamaza. Katika nyumba ya harusi kinamama hawamsikilizi mpiga gita, wanamsikiliza Malika, nao wapigaji walilijua hilo na hawakulinung'unikia.

Hapo ndipo hoja yangu yote ilipo. Mushrooms wanakuwa bora kadiri wanavyompigia mtu mwingine. Ndiyo maana niko kambi ya Fundi Konde.

Fundi Konde alizaliwa 1924, naye mtu wa Kilifi, Mgiriama. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliingia katika kikosi cha burudani cha King's African Rifles, akafika India na Burma akiwapigia askari muziki. Aliporudi alikwenda Nairobi, akafanya kazi na Peter Colmore, akarekodi santuri nyingi, na alikuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kabisa kushika gita la umeme. Mwishoni mwa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950, ukitaja gita Kenya umemtaja yeye. Kisha mtindo ukabadilika, likaja twisti, ikaja rumba ya Kongo, ikaja benga, na jina lake likabaki kwa wazee na kwenye redio usiku. Mwaka 1994 kampuni ya RetroAfric ilizikusanya santuri zake za 1947 hadi 1956 katika sidii moja, na atakaye kusikia alivyokuwa katika ujana wake aanzie hapo.

Katika rekodi zile za zamani, kitu cha kwanza utakachokisikia ni utulivu. Sauti mbili zinaimba pamoja, zimekaribiana mno, hakuna inayotaka kuonekana. Chini yake gita linabadilisha njia mara nyingi kuliko ulivyotarajia. Nyimbo nyingi za wakati ule ziliridhika na njia tatu. Konde anatia ya nne na ya tano katikati, anapita mahali pa kando kidogo kisha anarudi, bila kukuashiria kwamba amefanya lolote. Alisikia muziki wa dansi wa Wazungu na wa Amerika ya Kilatini huko vitani, na aliuchukua kwa kipimo chake mwenyewe. Kisha ile nidhamu ya santuri: dakika tatu, hakuna kurekebisha baadaye. Mkikosea mnaanza upya wote. Ukilijua hilo unaelewa kwa nini hakuna noti ya fahari humo.

Mtu huyo, akikaribia umri wa miaka 70, ndiye Mushrooms waliyemrudisha studioni miaka ya 1990 kuimba tena nyimbo zake, "Tausi" ikiwamo. Ungetarajia nini? Mara nyingi vijana wakimpata mzee maarufu humpamba mpaka asionekane, au humpigia kwa unyenyekevu mwingi muziki ukageuka ziara ya makumbusho. Ukitembea na mzee barabarani, hupunguzi hatua mpaka akaona unampunguzia. Unapata mwendo wake, halafu unajifanya ndio mwendo wako tangu asubuhi. Hivyo ndivyo walivyompigia.

Chukua "Tausi". Ni wimbo wa mapenzi unaomwita mpenzi kwa jina la ndege, na watu wa pwani wanaujua hata kama hawajui wa nani. Sauti ya mzee si ile ya 1950. Imepungua upana, pumzi inakwisha mapema kidogo mwishoni mwa mstari. Bendi isiyojali ingeziba mapengo hayo kwa gita la solo. Mushrooms wameyaacha. Mstari unapomalizika mapema, kunabaki kimya cha nusu pigo hivi, na waitikiaji hawakirukii. Wanasubiri wakati wao. Wanapoingia, wanaingia chini ya sauti yake, si juu, ingawa wote walikuwa vijana wenye uwezo wa kupaa. Ile kazi ya kanisani Kaloleni, ya kujua mstari wako na kukaa humo, naisikia pale waziwazi. Njia za gita zilizokuwa alama ya Konde hazikurahisishwa: zile za pembeni zimo, zimepigwa kwa mkono mwepesi, na kama hukuwa unazijua hutaambiwa na mtu yeyote kwamba ni ngumu.

Besi ndiyo inayonifurahisha zaidi. Bendi iliyoishi kwa rege ina besi yenye tabia ya kutaka kuwa mbele. Rege ndivyo ilivyo, besi ndiyo inayoongoza. Hapa imerudi nyuma ya gita, inatembea noti moja kwa pigo, na mara mojamoja tu, mwishoni mwa kiitikio, inajiruhusu hatua mbili za ziada. Nimekaa nikizingoja hatua hizo mbili kila mara. Mtu aliyezipiga angeweza kupiga ishirini.

Wapinzani wangu wana hoja, tena nzuri. Wanasema kaseti hii si ya Mushrooms, ni ya Konde, na kuiita bora ni kumpa mpambe sifa ya bibi harusi. Mmoja, mwalimu mstaafu wa Malindi ambaye hubishana kana kwamba anasahihisha mtihani, aliniambia: "Bendi hupimwa kwa ilichotunga, si kwa ilichohifadhi." Nikamuuliza basi kwa nini yeye yuko kambi ya Zilizopendwa, ambayo nayo ni nyimbo za wengine. Akasema zile waliziunganisha, na kuunganisha ni kutunga. Tukaenda hivyo mpaka mkewe akapiga simu.

Lakini swali lake ni la kweli na sina haja ya kulikwepa. Tumezoea kuwapima wanamuziki kwa anayesimama mbele. Nani katunga, nani kaimba, picha ya nani iko kwenye karatasi ya kaseti. Anayesimama nyuma akafanya wa mbele asikike vizuri kuliko alivyowahi, huyo hatuna mizani yake. Mwanamuziki wa pwani Joseph Ngala na muziki wake wa bango ana mizani, Malika anayo, Konde anayo. Akina Harrison walikuwa na ule wimbo mmoja mkubwa wa kuwapa jina, na ninadhani ndio uliowaruhusu baadaye kukaa nyuma bila wasiwasi. Hawakuwa wanatafuta kuonekana tena. Sijui bendi nyingine ya Kenya iliyotumia umaarufu wake kwa namna hiyo, kuwafuata wazee waliosahaulika na waimbaji wa harusini na kuwapigia kwa kiwango kilekile ambacho wangejipigia wenyewe.

Fundi Konde alifariki mwaka 2000. Bendi ilichukua jina la Uyoga, ikaendelea. Nyimbo sasa zinazunguka kwenye simu, nyingine zimekatwa mwisho, nyingine zimeandikwa jina la msanii siye. "Jambo Bwana" peke yake naiona imeandikwa majina zaidi ya matatu. Kaseti halisi ya Konde na Mushrooms, yenye karatasi yake, ni ya kutafuta kwa tochi. Mzee mmoja wa Kilifi anayo, na hamwazimi mtu. Anayetaka kuisikia aende kwake, aketi barazani, na asiseme kitu mpaka upande uishe. Nilimpeleka yule mwalimu. Upande A ulipokwisha, mwalimu alikohoa, akasema besi iko chini mno, haisikiki vizuri.

Mzee akaitoa kaseti, akaigeuza, akaifunga redio kwa kidole. "Hayo," akamwambia, "ni maneno ya mtu aliyezoea kukaa nyuma ya matatu, karibu na spika."